Je, mgombea apimwe kwa maswahibu zake?



Ndugu wasomaji, kila unapokaribia msimu wa uchaguzi, mabarazani na hata majumbani mwetu baada ya chakula cha usiku, husikika kauli ya namna moja: "Fulani si mzalendo, ameonekana akikaa na fulani." Picha moja huzungushwa, jina moja hutajwa kwa sauti ya chini, na mgombea aliyewatumikia watu kwa miaka huwa amekwisha kuhukumiwa kabla chai haijapoa. Pembeni yupo mtoto anayesikiliza, ambaye asubuhi ya siku hiyo hiyo tumemkanya asiandamane na wahuni wa mtaani. Mtoto huyo ana haki ya kutuuliza: je, kukaa na mtu ni ushahidi, au si ushahidi?

Hatuwezi kumjibu kwamba suhuba si kitu. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu hufuata mwenendo wa rafiki yake wa ndani, basi na aangalie ni nani anayemfanya rafiki. Katika nyingine, iliyomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, amemfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mwenye kupuliza moto wa mhunzi. Wazee wetu nao walikuwa na msemo wao mkali zaidi, kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza.

Hata hivyo, tukizitazama vyema Hadithi hizo tutaona kuwa anayesemeshwa ni mwenye kuchagua rafiki. Yeye ndiye anayenasihiwa ajihadhari. Hazikumpa jirani ruhusa ya kusimama mlangoni na kuhesabu wageni wanaoingia. Likija suala la kumhukumu mtu mwingine, Qur'ani imeweka masharti yake. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuchunguze habari kabla ya kuitendea kazi. Aya ya 12 ya sura hiyo inatukataza dhana nyingi na upelelezi wa aibu za watu. Nayo Sura ya Al-An'am, aya ya 164, inatukumbusha kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine.

Kipo pia kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (R.A.). Mtu alikuja mbele yake kutoa ushahidi, akamtaka alete wa kumjulia hali. Akasimama mmoja akasema anamjua kwa uadilifu. Umar akamuuliza maswali matatu: je, ni jirani yako wa karibu, unayejua usiku wake na mchana wake? Akajibu la. Je, umewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? La. Je, umesafiri naye? La. Umar akamwambia kuwa basi humjui. Maswali hayo matatu tutayabeba mkononi katika safari yetu ya leo, maana yanatenganisha suhuba ya kweli na kukutana tu.

Mfano tulioutafuta si wa kwetu, ingawa, kama tutakavyoona, ulitugusa hadi Wajir. Ni uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka 2008, baina ya Seneta Barack Obama wa Democratic na Seneta John McCain wa Republican. Tumeuchagua kwa kuwa tuhuma zote zilitolewa hadharani kwa majina na tarehe, na leo mtu anaweza kuzipima akiwa ametulia.

Tuanze na tuhuma iliyokuwa na uzito. Mchungaji Jeremiah Wright wa kanisa la Trinity mjini Chicago ndiye aliyemfungisha Obama ndoa mwaka 1992 na kuwabatiza binti zake. Obama alikuwa muumini wa kanisa hilo kwa takriban miaka 20, na jina la kitabu chake cha mwaka 2006 alilitoa katika mahubiri ya mchungaji huyo. Machi 2008 televisheni zilirusha vipande vya mahubiri ambamo Wright aliilaani Marekani kwa dhulma zake. Tukimpima Obama kwa maswali ya Sayyidna Umar, hapa suhuba ilikuwepo. Kwa hiyo sisi hatuoni ubaya kwamba aliulizwa. Alijibu kwa hotuba ndefu mjini Philadelphia tarehe 18 Machi, akiyakana maneno bila ya kumkana aliyeyasema. Mwezi uliofuata Wright alipoyarudia mbele ya waandishi wa habari mjini Washington, Obama alimkana waziwazi, na kabla ya Juni kuingia akajitoa katika kanisa hilo.

Lakini hebu tumtazame na huyo Wright. Aliacha masomo ya chuo mwaka 1961 akajiunga na kikosi cha Marine, kisha akahamia jeshi la wanamaji kama mhudumu wa tiba, jumla ya miaka sita. Mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa waliomhudumia Rais Lyndon Johnson alipofanyiwa upasuaji. Wengi waliomwita adui wa nchi hawakupata kuvaa sare ya nchi hiyo hata siku moja. Hatusemi kwamba sare inafuta ulimi. Tunasema kuwa aliyepewa dakika moja ya mahubiri hakuonyeshwa miaka sita ya utumishi, na hukumu ya namna hiyo ni pungufu.

Tuhuma ya pili ilikuwa nyepesi kwa mizani, nzito kwa kelele. Bill Ayers alikuwa mwasisi mmojawapo wa kundi la Weather Underground lililoanza mwaka 1969 kupinga vita vya Vietnam, na ambalo lilitega mabomu katika majengo ya serikali, likiwemo la Bunge mwaka 1971 na Pentagon mwaka 1972. Obama alikuwa mtoto wa karibu miaka minane kundi hilo lilipozaliwa. Walipokuja kukutana katika miaka ya 1990, Ayers alikuwa profesa wa elimu katika Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago. Walishirikiana katika mradi wa kuboresha shule za jiji hilo ulioanza mwaka 1995, na baadaye wakawa wajumbe wa bodi moja ya mfuko wa hisani. Tarehe 4 Oktoba 2008, Sarah Palin, mgombea mwenza wa McCain, aliuambia umma kuwa Obama anasuhubiana na magaidi.

Fedha za ule mradi wa shule, dola milioni 49.2, zilitoka wapi? Zilitoka kwa Walter Annenberg, tajiri wa Republican aliyeteuliwa na Rais Richard Nixon kuwa balozi nchini Uingereza. Mjane wake, Leonore, mwaka huo wa 2008 alimuunga mkono McCain. Ikiwa kukaa meza moja na Ayers kunaharibu uzalendo, basi aliyeilipia meza naye ana la kujibu. Hakuna aliyemuuliza, na hapakuwa na haja ya kumuuliza, kwa kuwa walichokuwa wakikifanya mezani hapo ni kusomesha watoto.

Tuhuma ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Rashid Khalidi ni mwanahistoria mwenye asili ya Kipalestina, aliyezaliwa New York mwaka 1948. Alifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, ambako Obama naye alikuwa akifundisha sheria, na familia zao zilifahamiana. Mwaka 2003 Khalidi alipohamia Chuo Kikuu cha Columbia, aliandaliwa karamu ya kumuaga, na Obama akahudhuria na kuzungumza. Gazeti la Los Angeles Times liliandika habari ya karamu hiyo mwezi Aprili 2008. Siku chache kabla ya kura, mwishoni mwa Oktoba, kambi ya McCain ikalitaka gazeti litoe kanda ya video ya karamu, kana kwamba ndani yake mlikuwa na jinai. Gazeti lilikataa, likieleza kuwa aliyelipa kanda alishurutisha isionyeshwe.

Wakati kelele hizo zikiendelea, ikakumbukwa kwamba McCain mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa taasisi iitwayo International Republican Institute tangu mwaka 1993. Taasisi hiyo mwaka 1998 ilitoa dola 448,873 kwa kituo cha utafiti cha Kipalestina ambacho Khalidi alikuwa mmoja wa waasisi wake. Basi tuulize kwa mizani ya Umar: nani aliyeamiliana na mtu huyu kwa dinari na dirhamu? Yule aliyekula naye chakula cha kuagana, au yule ambaye taasisi yake ilipeleka karibu nusu milioni? Kwa maoni yetu hakuna kosa kwa yeyote kati yao, kwani kazi ya kituo kile ilikuwa utafiti na kura za maoni. Ila tunataka msomaji aone jinsi kipimo kilivyopinda. Khalidi mwenyewe alikataa kuingia katika malumbano, akasema atauacha upepo ule upite.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba kipimo hicho kilimrudia McCain. Februari 2008 alipokea kwa furaha uungaji mkono wa wahubiri wawili, John Hagee wa Texas na Rod Parsley wa Ohio. Parsley alikuwa amehubiri kwamba Uislamu ni dini ya uongo na kwamba Marekani iliasisiwa kwa sehemu ili iuangamize. Maneno hayo yalikwisha kujulikana, na McCain hakusukumwa. Alikuja kuwakana wote wawili tarehe 22 Mei, baada ya kufichuka mahubiri ya Hagee yaliyodai kuwa Hitler alikuwa chombo cha Mungu cha kuwarudisha Mayahudi katika ardhi yao. Mumewe Palin naye, ilipotazamwa rejista ya wapiga kura, alionekana aliwahi kwa miaka kadhaa kujiandikisha katika chama cha Alaska kilichotaka wananchi wa jimbo hilo wapige kura juu ya kujitenga na Marekani. Mke akamwita mwenziwe si mzalendo, na nyumbani kwake mna kadi hiyo! Lakini nasi tukimhukumu Palin kwa kadi ya mumewe tutakuwa tumeingia katika shimo lile lile. Qur'ani, katika Sura ya At-Tahrim, imetupa mfano wa wake wa Nuhu na Lut na mfano wa mke wa Firauni. Hao walilala nyumba moja na waume zao na njia zao zikatengana.

Nchi hiyo ilikuwa na uzoefu wa zamani wa jambo hili. Machi 1947 Rais Harry Truman alitia saini amri ya kupima utiifu wa watumishi wa serikali, na miongoni mwa mambo ya kuangaliwa ni uanachama, uhusiano, au hata ukaribu wa huruma tu na vikundi vilivyomo katika orodha ya Mwanasheria Mkuu. Watu walipoteza kazi kwa ajili ya mkutano waliouhudhuria ujanani. Mwanafizikia Robert Oppenheimer, aliyeongoza maabara iliyounda bomu la atomiki, alinyang'anywa kibali chake cha siri za serikali mwaka 1954, na urafiki wake na wakomunisti wa miaka ya nyuma ukiwa sehemu kubwa ya mashtaka. Serikali iliibatilisha hukumu hiyo Desemba 2022, miaka 55 baada ya kufa kwake.

Tulinganishe na jambo lililotokea Madina mwaka wa nane wa Hijra. Hatib bin Abi Balta'a (R.A.) aliwaandikia Makureshi barua kuwatahadharisha kuwa Waislamu wanajiandaa kuiendea Makka. Hii haikuwa tetesi ya nani amekaa na nani; barua ilikamatwa njiani, imefichwa katika nywele za mwanamke aliyeibeba. Mtume (S.A.W.) alifanya nini? Alimwita Hatib na kumuuliza kilichompelekea. Hatib akaeleza kuwa ana jamaa zake Makka wasio na wa kuwalinda, na alitaka awe na fadhila kwa Makureshi ili wasidhuriwe. Sayyidna Umar akaomba idhini ya kumkata shingo. Mtume (S.A.W.) akasema kuwa Hatib amesema kweli, akamkumbusha Umar kwamba mtu huyu alihudhuria Badri. Aya za mwanzo za Sura ya Al-Mumtahina zilishuka kukemea kitendo, na mtu akabaki katika safu ya Waislamu. Kosa lilikuwepo, likatajwa kuwa ni kosa. Mhusika aliulizwa, na utumishi wake wa nyuma ukawekwa mizanini.

Sasa turudi kwetu, kwani tuliahidi Wajir. Agosti 2006 Obama, akiwa bado seneta, alizuru Kenya, nchi ya baba yake. Alipofika Wajir, mzee mmoja wa Kisomali alimvisha kilemba na shuka kwa desturi ya ukarimu wa watu wa huko. Mgeni kuvishwa vazi la wenyeji ni heshima, nasi tungeona ajabu lau angekataa. Picha hiyo ilikaa karibu mwaka mmoja na nusu bila ya kumshughulisha mtu. Tarehe 25 Februari 2008 tovuti moja ya habari ya Marekani ikaichapisha, na heshima ya mzee wa Wajir ikageuka shubuha.

Halafu ikaja karatasi. Tarehe 29 Agosti 2007, Raila Odinga, aliyekuwa mgombea urais wa Kenya, alitia saini mkataba wa maelewano na jukwaa la viongozi wa Kiislamu, NAMLEF. Mapema mwaka huo watu waliokimbia vita vya Somalia, Wakenya wakiwamo, walikuwa wamekamatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi Somalia na kisha Ethiopia bila ya kufikishwa mahakamani. Waislamu walitaka ahadi kwamba dhulma hiyo itachunguzwa, na kwamba Pwani na Kaskazini Mashariki hazitaendelea kusahauliwa. Ghafla ikazagaa nakala ya bandia iliyodai kuwa Raila ameahidi kusimamisha sharia. Mwezi Novemba mkataba halisi uliwekwa wazi, na sharia haikuwamo. Uongo ulikuwa umekwisha kutangulia. Mwaka uliofuata ulivuka bahari: barua pepe na maandishi ya wapinzani wa Obama yakamhusisha na Raila, na Raila na karatasi ile ya bandia. Hesabu basi pingu za mnyororo huu: Mmarekani alionekana na Mkenya, Mkenya alikaa na Waislamu, na Waislamu walisingiziwa waraka wasioutia saini. Mwisho wa mnyororo uzalendo wa mtu huko Chicago ukatiliwa shaka.

Hapo ndipo penye maumivu yetu. Katika tuhuma za Wright na Ayers kulikuwa angalau na kauli au kitendo cha kulaumiwa. Katika hizi, aliyekaribiwa hakuwa na kosa ila kuwa Mwislamu. Oktoba 10, huko Lakeville katika jimbo la Minnesota, mwanamke mmoja alimwambia McCain kuwa hamwamini Obama kwani ni Mwarabu. McCain alimpokonya kipaza sauti akajibu la, Obama ni raia na mtu mwema wa familia. Tunampa heshima yake kwa kuwa wafuasi wake walimzomea kwa msimamo huo siku ile. Lakini baba wa Kiarabu aliyekuwa akitazama na wanawe alibaki akijiuliza iwapo yeye si raia wala mtu mwema wa familia. Siku tisa baadaye Jenerali Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali ya Republican, alilisema lile ambalo hakuna mgombea aliyelisema: kwamba Obama si Mwislamu, na hata angekuwa, kuna ubaya gani? Akaeleza picha aliyoiona ya mama ameegemea kaburi la mwanawe katika makaburi ya Arlington. Kwenye jiwe hapakuwa na msalaba. Palikuwa na mwezi na nyota. Mwanawe, Kareem Rashad Sultan Khan, alikufa Iraq mwaka 2007 akiwa na miaka 20.

Je, yeye Obama, aliyetuhumiwa kwa maswahibu zake, aliwatendeaje maswahibu hao? Desemba 2007, Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alijitolea kumpigia debe katika msikiti wa Cedar Rapids, Iowa. Wasaidizi wa Obama walimwomba aifute safari. Tarehe 16 Juni 2008, katika mkutano mkubwa mjini Detroit, wanawake wawili vijana wenye hijabu, kila mmoja kwa wakati wake, walizuiwa na wafanyakazi wa kujitolea wasikae nyuma ya jukwaa, mahali ambapo kamera zingewaonyesha pamoja na mgombea. Agosti, mwanasheria kijana wa Chicago aliyekuwa ameteuliwa kuratibu mawasiliano ya kampeni na Waislamu alijiuzulu baada ya siku chache tu, kwa kuwa mwaka 2000 aliwahi kukaa wiki kadhaa katika bodi moja na imamu aliyezungumzwa vibaya.

Obama aliwapigia simu wale wanawake wawili wa Detroit na kuwaomba radhi. Alichaguliwa Novemba, akachaguliwa tena mwaka 2012. Kama rais aliingia misikiti ya Uturuki, Misri na Indonesia. Msikiti wa nchini mwake mwenyewe aliutembelea kwa mara ya kwanza akiwa rais tarehe 3 Februari 2016, karibu na Baltimore, ikiwa imesalia chini ya mwaka mmoja aondoke madarakani.